Mahali Anaporuka Bibi Kwenye Uradi

Malindi, Unguja
4 Septemba 1955

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mume wetu Babu Jaku mpe shikamoo yake, ingawa najua atasema shikamoo ya kwenye karatasi haishibishi. Natumai barua hii itawakuta nyote wazima, wewe, Babu, mama, na jirani yetu Bi Sichana. Baba ameniandikia kutoka Pemba, hajambo, karafuu mwaka huu ni nyingi na hajui atarudi lini.

Sisi huku ni wazima. Mama mdogo Shemsa anakusalimu sana. Anasema wale samaki wakavu uliompelekea walifika salama, ila Mmanga aliwaweka chini ya viti vya gari lake, na abiria wote wakashuka Darajani wakinuka kama waliotoka dago, kwenye kambi ya wavuvi.

Usinicheke kwa mwandiko wangu. Skuli siku zote tunaandika kwa herufi za Kizungu, nikirudi kwenye hizi za Kiarabu ulizonifunza mkono unakuwa mzito. Katika hesabu nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni Hamda, ambaye amelelewa dukani, kwa hivyo si haki.

Bibi, kuna jambo nataka kukuuliza, limenikaa moyoni tangu Jumatano. Bi Shariffa, anayetufunza dini, alitaka kila mmoja wetu asome uradi wa jioni kama unavyosomwa kwao. Nilisimama kwa furaha. Uradi ndio kitu ninachokijua kuliko vyote, maana tangu sijang'oka meno ya utoto nakaa ukumbini kwako baada ya Magharibi, wewe unaanza na sisi wanawake na watoto tunafuatisha, ili usiku upite bila ya shari. Nikasoma Ayatul Kursiyyu. Nikasoma Audhu bikalimatillahi. Kisha nikaingia Kulhuwallahu. Bi Shariffa akainua mkono.

"Mwanakheir, umeruka."

"Sikuruka, mwalimu."

"Bismillahi lladhii laa yadhurru iko wapi?"

"Kwetu hatuisomi."

"Kwenu wapi?"

"Mkokotoni."

Hamda akasema, "Labda Mkokotoni hakuna cha kumdhuru mtu," na darasa zima likacheka. Hata Bi Shariffa alikaza midomo asicheke.

Niliporudi nyumbani nikakaa nikafikiri, nikakumbuka kwamba tulikuwa tukiisoma. Nilipokuwa mdogo tuliisoma mara tatu, kama watu wote: Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye pamoja na jina lake hakidhuru kitu, si ardhini wala mbinguni. Kisha sijui ilikwenda wapi. Likizo iliyopita nilisoma pamoja nanyi kila jioni na sikuona pengo lolote. Ulimi wangu umezoea kuruka unaporuka wewe.

Je, Bibi, tumeisahau sote? Au iko sababu? Nijibu, maana Jumatano ijayo nataka kumnyamazisha Hamda.

Mjukuu wako akupendaye,
Mwanakheir Kificho


Mkokotoni
28 Mfunguo Nne 1375

Kwa mke mwenzangu Mwanakheir,

Marahaba, na mume wetu anaitikia marahaba. Barua yako tumeipata. Mwandiko wako si mbaya, ila herufi zako zinalala chali kama watu walioshiba. Ziinue.

Sisi hatujambo. Mama yako amefuma mikeka miwili na wa tatu ameuanza. Mume wetu anakohoa, na nikimpa asali na tangawizi anasema kikohozi chake ni cha heshima, wazee wote wanacho. Kuku wangu mwekundu ameatamia mayai kumi chini ya kitanda cha mama yako, na mama yako anaogopa kushuka kitandani asubuhi. Mtende wa kwa jirani Mmakunduchi ulianguka kwa upepo, haukumwangukia mtu, alhamdulillahi.

Nimefurahi umekuwa wa pili. Huyo Hamda mwambie hata dukani mizani huwa na makosa.

Kula vizuri. Mama yako mdogo ni mwema lakini ana mkono wa mjini, chakula chake kinapendeza kwenye sahani tu. Na ukenda skuli usipite njia za vichochoroni peke yako.

Hilo ulilouliza, soma kama mwalimu wako anavyokufunza. Mwalimu ndiye mwalimu. Huku tunasoma tunavyosoma.

Sichana alikuwapo hapa nilipokuwa nasoma barua yako kwa sauti. Nilipofika mahali pale akainuka akasema anakwenda kutazama moto wake usizimike. Moto wenyewe hakuwa ameuwasha.

Mimi bibi yako,
Kazija


Malindi, Unguja
2 Oktoba 1955

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Nimejitahidi kuziinua herufi, tazama. Kikohozi cha mume wetu vipi? Na yule kuku, ametotoa? Huku mvua za vuli hazijaanza, na Mama mdogo Shemsa analalamika kwamba maji ya mfereji yanatoka kama machozi ya mtu asiye na huzuni.

Nina habari mbili, moja mbaya kidogo na moja nzuri.

Ile mbaya ni koo langu. Unakumbuka lilivyokuwa likivimba kila mwaka, ukanichua kwa mafuta ya nazi. Safari hii lilivimba mpaka sikuweza kumeza uji. Mama mdogo akanipeleka kwa daktari. Daktari akanitazama kwa taa, akasema mafindofindo yameoza, lazima yakatwe, la sivyo yataniharibia moyo. Nitapasuliwa skuli ikifungwa, Jumatatu tarehe 12 Disemba. Nilimuuliza Mama mdogo kama inauma. Akasema, "Watakulaza usingizi wa dawa, hutajua lolote." Bibi, hilo ndilo linalonitisha. Jioni nikilala huwa najua nimelala. Huo usingizi wa dawa sijui nani ataniamsha.

Simwambii mtu kwamba naogopa. Nakwambia wewe tu. Mama usimsomee kipande hiki.

Habari nzuri ni hii. Nilimuuliza Bi Shariffa juu ya ile dua tunayoiruka, akatupa kisa chake. Aliyeipokea ni Abaan, mtoto wa Sayyidna Uthman. Alipokea kwa baba yake, na baba yake kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye kuisoma mara tatu jioni hapatwi na balaa la ghafla mpaka asubuhi. Siku moja Abaan mwenyewe akapooza upande mmoja. Mtu mmoja aliyesikia hadithi ile kwake akawa anamtazama tu. Abaan akamwambia, "Unanitazamia nini? Wallahi sikumzulia Uthman, wala Uthman hakumzulia Mtume. Lakini siku iliponipata hii nilighadhibika, nikasahau kuisoma."

Nilipenda sana kisa hiki, Bibi, kwa sababu kinaeleza kila kitu. Mtu akidhurika, ni kwa sababu alisahau. Kwa hivyo kumbe jambo lenyewe ni jepesi, ni kutosahau tu.

Basi nakuomba. Jioni ya kuamkia Jumatatu ile, ukianza uradi ukumbini, ukifika mahali pale, usiruke. Nisomee mimi, mara tatu. Mimi pia nitaisoma, lakini nataka isomwe na wewe. Nikijua umeisoma, sitaogopa dawa yao.

Mjukuu wako,
Mwanakheir


Malindi, Unguja
23 Oktoba 1955

Bibi yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua yangu. Nilidhani gari limeharibika, lakini Mmanga nimemwona Darajani Ijumaa zote tatu, gari lake zima, na yeye mwenyewe akala chungwa akanirushia ganda. Nilimuuliza kama amepewa barua kutoka kwa Bi Kazija. Akasema, "Nimepewa kapu la embe mbichi na salamu. Barua sikupewa."

Embe tulizipata. Ahsante.

Nyumba yetu imejaa watu wanaojitayarisha kwa Maulidi. Mama mdogo anashona mpaka vidole vinamuuma. Jana nilikaa naye nikimtilia uzi sindanoni, nikamwambia niliyokuandikia, kisa cha Abaan na yote. Alinitazama, akaweka nguo chini.

"We mtoto! Umemwandikia hivyo Bi Kazija?"

"Nimekosa nini?"

"Tia uzi," akasema, akaiokota tena nguo yake.

Bibi, ikiwa nimekosa, sikujua. Wewe uliniambia zamani kwamba mtoto akikosa bila ya kujua, mkubwa amwambie, asimnunie. Basi niambie.

Mwanakheir


Mkokotoni
20 Mfunguo Sita 1375

Mjukuu wangu Mwanakheir,

Mama yako hajambo. Mume wetu hajambo. Kuku ametotoa vifaranga saba. Maulidi yamesomwa vizuri, watu walikuja mpaka kutoka Tumbatu.

Sikukununia. Nimekaa na kalamu siku nyingi, na kila nikiishika naikumbuka kazi nyingine. Leo mume wetu amenitilia wino mwenyewe, akaniwekea karatasi mbele yangu, akasema, "Mwandikie mtoto. Anaogopa kupasuliwa na wewe unamwogopesha kwa kunyamaza." Kisha akatoka nje, akakaa akikohoa ili nijue hajaenda mbali.

Ami yako Pandu ulimjua. Ulikuwa na miaka kumi alipofariki, na uliambiwa ni nyoka. Hayo ni kweli. Mengine hukuambiwa.

Jioni ile tulikuwa tumeswali Magharibi, tunajiweka kusoma uradi, Sichana akaja anakimbia. Binti yake ameshikwa na uchungu, mkunga yuko ng'ambo ya pili ya kijiji, hapana mwanamme kwake wa kumtuma. Pandu akasimama. Nikamwambia, "Ngoja nikusomee, giza limeingia." Akacheka. "Nisomee haraka, mama, huyo mtoto hana adabu ya kungoja." Alikuwa mrefu, unamkumbuka. Akainama pale mlangoni ili nimfikie kichwa. Nikaisoma, hiyo unayoitaka wewe. Niliisoma mara tatu, nikampulizia utosini. Akaenda. Alimfikia mkunga, akamleta mpaka nyumbani kwa Sichana. Alipokuwa anarudi huku kwetu, karibu na kisima, akakanyaga. Hakufika alfajiri.

Mtoto wa binti yake Sichana alizaliwa mzima. Ndiye yule Abrahman anayefukuza vifaranga vyangu.

Mwambie mwalimu wako, kwa heshima, kwamba Abaan alisahau. Mimi sikusahau.

Jioni iliyofuata wanawake wakaja, kama kila siku. Nikaanza uradi. Nilipofika mahali pale ulimi ukakataa. Sikukanusha neno la Mtume, Mungu apishe mbali. Ulimi tu. Wanawake wakaningojea, nikawa nimeinamisha kichwa, hata Sichana akaanza Kulhuwallahu kunisaidia, na wote wakamfuata. Kesho yake nikaruka mwenyewe, na wote wakaruka nami. Hakuniuliza mtu, miaka minne. Kwangu mimi hii ni heshima yao kubwa kuliko rambirambi zote. Kama nyinyi watoto mmekua bila ya kuijua, hapo nimekosa, nalo linaniumiza tangu barua yako ya kwanza.

Nitakuombea kwa kila ninachokijua. Nitasoma Yasini, nitasoma Ayatul Kursiyyu mpaka sauti inikauke. Lakini hilo usinitake, mke mwenzangu. Nilimsomea mmoja.

Bibi yako,
Kazija


Malindi, Unguja
13 Novemba 1955

Bibi yangu, Bibi yangu,

Nisamehe. Nimeisoma barua yako ghorofani peke yangu, kisha nikaona haya hata ya kushuka kula. Nilikuandikia kisa cha Abaan kama mtu anayemletea mwenzake zawadi, na kumbe nilikuwa nakuchoma. "Jambo lenyewe ni jepesi." Nimeyaandika maneno hayo kwa mkono wangu.

Nitakwambia kweli, kwa sababu na wewe umeniambia kweli. Baada ya barua yako, jioni mbili nilishindwa kuisoma na mimi. Nilifika mahali pale nikamwona Ami Pandu ameinama mlangoni. Nikajiuliza, ya kazi gani basi?

Jumatano nilibaki darasani wenzangu walipotoka. Sikumtaja mtu. Nilisema tu, "Mwalimu, je, mtu akiisoma kweli, asiisahau, na usiku ule ule akadhurika?"

Nilidhani atanikemea. Alivua miwani yake, akaipangusa kwa pembe ya buibui, akaivaa tena. Akasema, "Mtume wetu aliyetufunza dua hii alizika watoto wake mwenyewe, Mwanakheir. Na jioni zilizofuata aliendelea kuomba. Zaidi ya hapo mimi sijui." Kisha akaniambia nimsaidie kufuta ubao.

Sikuandikii haya kukufunza. Nshajifunza mimi nisikufunze. Nakuandikia kwa sababu Bi Shariffa anajua kila kitu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema hajui, na moyo wangu ukatulia kidogo. Jioni ile nikaisoma, kwa sauti ndogo.

Na lile nililokuomba, nalirudisha. Usinisomee. Lakini kama mume wetu atakuruhusu, njoo, Bibi. Ukae tu karibu na kitanda. Ukinyamaza nitanyamaza nawe.

Mwanakheir


Mkokotoni
15 Mfunguo Saba 1375

Mke mwenzangu,

Nakuja na gari la Mmanga Jumapili, kesho yake ndiyo siku yako. Mwambie Shemsa asipike biriani, nitakuja na muhogo na samaki wangu, na safari hii nitawapakata mwenyewe.

Mume wetu amesema, "Nenda. Nitajipikia." Anajua kupika chai tu, na hiyo nayo huiunguza. Mama yako atamtazama.

Sina la kukuahidi. Nitakaa.

Kazija


Malindi, Unguja
22 Disemba 1955

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai ulifika salama, na ulimkuta mume wetu hajaichoma nyumba. Koo langu linapona. Leo nimekula wali laini, na sauti imerudi, ingawa Mama mdogo anasema nasikika kama jogoo anayejifunza kuwika. Daktari anasema moyo wangu ni mzima. Hamda alikuja kunitazama, akaleta chokoleti, kisha akaila mwenyewe kwa sababu mimi siwezi kutafuna.

Siku zile zote ulizokaa nami sikuweza kusema nawe, koo lilikuwa kama limetiwa kaa la moto. Na ulipoondoka, nilikuwa bado naongea kwa vidole. Kwa hivyo kuna jambo sikukwambia. Jioni ile ya Jumatatu ulidhani nimelala. Sikuwa nimelala.

Nilifumbua macho mara moja nikaona taa na nikaona ubavu wako, umekaa kwenye kile kigoda cha hospitali kilichokuwa kifupi mguu mmoja. Mama mdogo alikuwa amekwenda kuswali. Nikafumba tena. Nikakusikia unaanza uradi, taratibu, peke yako. Nilifurahi, nikawa nafuatisha moyoni. Ukasoma Ayatul Kursiyyu. Ukasoma Audhu bikalimatillahi. Kisha ukanyamaza.

Nilijua uko wapi. Nilitaka kukuvusha, nianze Kulhuwallahu kama Bi Sichana alivyofanya, usiteseke. Koo halikunipa hata pumzi. Nikawa nalia na machozi yananiingia masikioni.

Basi yule mama wa Kiembe Samaki, wa kitanda cha pili, aliyevunjika mguu, akasema, "Bibi, hapo pana Bismillahi lladhii."

Mkokotoni asingesema mtu. Yeye hakujua.

Ukamjibu, "Napajua."

"Basi mbona umenyamaza? Mwenzio nakufuatisha."

"Nnapumua."

"Haya, pumua. Nakungoja, na mguu huu siendi popote."

Sijui ulipumua muda gani. Mtu alipita na ndoo. Kigoda chako kikagonga sakafu, nikajua umesimama. Nikahisi mkono wako kichwani, mzito. Halafu ukaisoma, Bibi. Mara ya kwanza sikuitambua sauti yako. Mara ya pili yule mama alikuwa nyuma yako neno kwa neno. Mara ya tatu uliisoma kama ulivyokuwa ukiisoma zamani ukumbini, mimi nikiwa mdogo nimekulalia pajani.

Ukanipulizia. Yule mama akasema, "Na mimi je?" Ukaenda ukampulizia na yeye, ukamwambia, "Na wewe usiparamie tena mipapai na umri huo." Ilibidi nikaze tumbo nisicheke, maana kucheka kulikuwa kunaniuma kuliko kisu chao.

Nililala usingizi ambao nilijua nimelala.

Sikuulizi ulivyosoma uliporudi ukumbini kwako. Nimejizuia mara mbili katika barua hii. Nakwambia tu kwamba nilisikia.

Mjukuu wako akupendaye,
Mwanakheir


Mkokotoni
20 Mfunguo Nane 1375

Kwa mke mwenzangu jogoo,

Marahaba. Nyumba nimeikuta, sufuria ya chai sikuikuta, mume wetu ameizika nyuma ya choo akidhani sitaiona. Mama yako anamsitiri. Baba yako amefika kutoka Pemba, amekonda, tunamlisha. Wote wanakusalimu, na Bi Sichana anakusalimu mara mbili.

Kumbe ulikuwa macho, mwanaharamu mdogo wee. Nami nikafuta machozi mbele yako nikijua hakuna anayeniona.

Umejizuia kuuliza, nitakujibu. Nilirudi Alhamisi. Jioni wanawake wakaja, wakanipa pole ya safari, wakauliza habari zako, tukakaa. Nikaanza. Nilipofika mahali pale nikaanza Bismillahi lladhii. Mwanangu, ilikuwa fujo! Nusu yao ndimi zilikwishakimbilia Kulhuwallahu kwa mazoea, nusu wakasimama njiani, watoto wakatazamana, yule Abrahman akauliza kwa sauti, "Bibi Kazija anasoma nini?" Ikabidi tuache, tuanze upya, kama darasa la mwanzo. Mara ya pili wakakosea tena. Mama yako akashindwa kujizuia akacheka, na mimi nikacheka, katikati ya uradi, Mungu atusamehe. Sichana peke yake hakucheka. Yeye hakukosea hata neno. Nikajua miaka yote minne amekuwa akiisoma kimya kimya nikiwa naruka, mbele yangu, kila jioni. Tulipomaliza alinishika mkono akakaa nao mpaka Isha.

Umri wangu huu sijui bado ile dua inafanya nini, mjukuu wangu. Mwalimu wako hajui, na mimi sijui. Lakini kwenye kile kigoda chao kibovu, yule mama alipokuwa ananingojea, nilijiuliza jambo ambalo sikupata kujiuliza. Kama usiku ule ningesema mtoto wa watu anakuja, hapana wakati, nenda Pandu, nisimsomee, leo ningekuwa nalilia nini? Ningelilia kwamba nilimwacha atoke mlangoni hana kitu. Wala hakutoka hivyo. Aliinama, akaisikia yote mara tatu, akasema amina, ndipo akaenda.

Njoo likizo. Watoto wa hapa bado wanaikosea, na mimi peke yangu siwawezi.

Bibi yako,
Kazija